Redio Isiyo na Redio Ndani

Jumatatu, 16 Machi
Nimepata! Vile vichezeshi vya nyimbo nilivyonunua Bamburi kwa furushi, vidogo kama kiberiti, havina redio. Nimefungua kimoja: betri, memori, basi. Lakini siku hizi kila kitu ni programu. Simu imemeza saa, tochi na kamera. Redio nayo itamezeka. Bi Mwanarusi anataka redio ndogo ya jikoni, asikilize habari za mwezi kuandama huku akipika futari. Bi Mwanarusi ndiye mamake Afrah, msichana ninayemposa. Ameniletea salamu kwamba mkwe wake lazima awe na ufundi unaoonekana. Utaonekana!

Jumanne, 17 Machi
Nimepakua programu, nimeiingiza. Kwenye kioo pametokea picha ya antena. Nilijipigia makofi. Sauti? Hakuna. Hata mkwaruzo. Clifford, fundi wa simu mwenye kibanda mkabala nami hapa Timbwani, kaja bila kualikwa. Ati redio ni chipu, lazima iwe ndani ndipo mawimbi yapokewe. Programu kazi yake ni kuiamrisha tu. Ati nimeajiri nyapara kiwandani pasipo na kibarua. Mtu wa bara huyu, mpaka leo husema "kuja" badala ya "njoo". Atanifundisha mawimbi mimi, niliyezaliwa Likoni?

Jumatano, 18 Machi
Nimeamka na jibu. Kama mawimbi hayaingii, nitayatia kwa mkono. Simu yangu ya zamani ina redio niliyorekodi Ramadhani iliyopita: kaswida, mawaidha, matangazo ya mchele. Yote nimeyahamishia chini ya ile picha ya antena. Ukibonyeza, inaongea! Nimempelekea Bi Mwanarusi. Nimetoa shikamoo mara mbili. Amesifu sauti ilivyo safi. Afrah ameuliza mbona mtangazaji anasema mvua imenyesha na nje kumekauka. Nikamwambia labda ni ya Lamu.

Ijumaa, 20 Machi
Balaa. Jana magharibi, mwezi ishirini na tisa Ramadhani, kila mtu alitega sikio. Redio yangu ikatangaza kwamba mwezi umeandama. Ni kweli, uliandama. Mwaka jana! Jirani alibisha, Bi Mwanarusi akamwambia redio yake yeye jirani imejaa mikwaruzo. Leo asubuhi amevaa, amefukiza udi, amekula mahamri na pilau tayari iko jikoni, ndipo ikabainika kwamba mtaa mzima umefunga. Nimeitwa. Sikupewa kiti. Amenirudishia kifaa mkononi akasema taratibu, "Idi ya mwaka jana nishaila, baba." Afrah alijifunika uso kwa mtandio. Sijui alikuwa akicheka au akilia. Imeniuma, maana nampenda kweli.

Jumamosi, 21 Machi
Idi yenyewe. Clifford amempelekea Bi Mwanarusi redio yenye chipu yake. Karudi na sahani ya biriani, mtu asiyefunga hata siku moja! Mimi posa yangu imewekwa kando mpaka nishike kazi ya maana. Nimeketi, nimetafakari, nimeliona kosa langu waziwazi. Kosa lilikuwa ni kuitegemea redio. Mtu husikiliza redio kwa nini? Kwa sababu mwezi wenyewe hauoni. Basi naanza leo kutafuta programu itakayomwonyesha Bi Mwanarusi mwezi akiwa papo hapo jikoni, akikoroga uji. Clifford ameuliza, na paa je? Paa ni bati tu. Programu itapenya.