Kiti cha Mti Mbichi

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano wa mazingira ukumbini. Nimekwenda kwa sababu mbili: kulikuwa na chai, na watachagua mwenyekiti. Mtaa umekauka, mtaro umejaa taka, joto limefukuza hata mbu. Mwalimu mstaafu, aliyetuita, anasema kabla ya kushika jembe tushike kalamu. Kila mtu aandike mtaa utakavyokuwa miaka thelathini ijayo, lakini kama mambo yamekwisha kutokea. "Ta" ni marufuku. Si mvua itanyesha, mvua ilinyesha. Mwenye maono makubwa ndiye tutamchagua. Maono! Mimi ninayo mpaka yananinyima usingizi. Siitwi Fundi Mipango bure.

Kinyozi naye anautaka uenyekiti. Nimemwona akichonga penseli kwa wembe.

Jumanne, 4 Machi
Mwenyekiti bila kiti ni nini? Mimi ni seremala, siwezi kuapishwa juu ya plastiki. Mbao kavu sina. Nimekata tawi kubwa la mwarobaini wa kona, mti pekee uliobaki mtaani. Tawi moja tu, na mti hauna mdomo wa kushtaki. Kiti kimetoka kizuri, kina mikono na mgongo mrefu, ila bado kinatoa maji. Mke wangu ameuliza kama nimekata mti ili niwe mkubwa wa miti. Nimemwambia siasa yeye haziwezi. Ameondoka na jembe, yeye na majirani wanazibua mtaro. Mimi mgongo unaniuma.

Jumatano, 5 Machi
Karatasi zimebandikwa ukutani. Kinyozi ameandika, "Vyura walirudi mtaroni." Basi! Vyura! Nimecheka hadi nikashika mlango. Mwalimu ameandika kwamba maji yalipita tena nyuma ya ukumbi. Mke wangu amekunja yake, hataki niione. Mimi nimejaza ukurasa mzima na kumalizia hivi: "Mtaa wote, ukiwa kivulini, ulimkumbuka mwenyekiti wake wa kwanza, Fundi Mipango, aliyekuwa mtu wa watu." Nimeisoma kwa sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeamshwa na vyura. Mvua haijanyesha tangu mwaka jana, na vyura wanalia mtaroni! Watu wamesimama kando na majembe yao, hakuna anayecheka. Nyuma ya ukumbi maji yanatambaa polepole, kama yanaikumbuka njia. Mwalimu anasema wamezibua chemchemi. Sawa, na vyura nao walizibuliwa? Nywele zimenisimama. Halafu nikafurahi. Kama ya kinyozi yametimia, yangu yatashindwaje?

Ijumaa, 7 Machi
Yametimia. Nimepita bila kupingwa, hata kinyozi amejitoa. Lakini kuna jambo. Jirani amempa mke wangu mkono, akamwambia pole, nilikuwa mtu wa watu. Nilikuwa! Nami nimesimama pale pale! Nikamsalimia. Akageuka kutazama mlango, kana kwamba upepo umeusukuma. Kwa kinyozi nimekaa kitini, akafagia chini ya miguu yangu, akaita anayefuata. Kwenye kioo nilikuwepo, lakini kwa mbali sana. Mke wangu ndiye bado ananisikia, maana ananigombeza.

Nimeogopa. Sina haja ya kujidanganya humu, nimeogopa sana.

Nimekimbilia kwa mwalimu. Ametafuta sauti yangu kwa macho mpaka akanipata. Akauliza ni kwa sarufi gani mtu aliye hai hukumbukwa na mtaa mzima. Akanishauri nichukue jembe nikachimbe na wenzangu, maana mwenye matope miguuni hasahauliki upesi. Nimemkumbusha habari ya mgongo.

Jumamosi, 8 Machi
Wote wako mtaroni wanapanda miche. Mimi nimeingia ukumbini peke yangu. Nimejaribu kuibandua karatasi, imeshika kama gome. Nimeinua pembe kidogo: nyuma kuna vijizizi vyeupe, vimeingia ukutani. Nikaiacha haraka, nikaongeza mstari chini kwa herufi kubwa. "Hakufa. Alikalia kiti chake, na hakuna aliyeweza kumwondoa." Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu kinyozi hazifikii.

Jumapili, 9 Machi
Wananiona! Shikamoo mwenyekiti kila upande. Nimeweka kiti mbele ya ukumbi, nimeketi kusimamia kazi. Raha tupu. Mchana nikataka kwenda kula. Sikuinuka. Kinyozi na wenzake wawili wamenivuta hadi wakatokwa jasho. Mwalimu akainama, akatazama chini, akasema taratibu kwamba miguu ya kiti imeota mizizi. Karibu na kiwiko changu kuna jani. Limefunguka nikilitazama.

Mke wangu ameniletea chakula. Akasema wenzangu waliandika wakachimba, mimi niliandika nikakaa, basi nikae. Nikamuuliza yeye aliandika nini. Akasema sentensi moja tu: "Mume wangu alitulia." Alikuwa akilia. Ila alipomaliza kunilisha alichukua jembe akarudi mtaroni.

Jumatano, 12 Machi
Majani yamefika mabegani. Hewa imepoa, maji yanapita, vyura ni kwaya nzima. Watu wanakuja kupumzika kwenye kivuli changu na kusema mtaa umependeza. Kuna ndege ananikagua kichwa tangu asubuhi.

Leo kinyozi amekuja na ujumbe. Mtaa mzima uko tayari kuniandikia mstari: alisimama, akashika jembe, akapanda mti pale alipokata. Ninachotakiwa ni kukubali tu, na kukubali kwa moyo. Mke wangu alikuwa nyuma yake, ameshika majembe mawili. Alinitazama tu.

Nikauliza, nikisimama, kiti atakikalia nani? Kinyozi akakitupia kiti jicho. Nikajua! Kumbe mzunguko wote huu ni wa kutaka kiti! Nimewaambia hapana, waniletee karatasi nyingine. Mke wangu ameliegemeza jembe la pili kwenye shina langu, akaenda zake.

Mkono mmoja bado uko huru, na mtaa ni mwanzo tu, kuna uenyekiti wa mji mzima. Safari hii nimekuwa mwangalifu na sarufi. Nimeandika, "Mizizi ya uongozi wake ilienea mji mzima." Vidole vya miguu vimeanza kunyooka ardhini, kuelekea mjini.