Uchaguzi Ulioliwa Bustanini

Biryogo, Kigali
Novemba 1992

Kwa Madamu Cécile,
Mkurugenzi wa Shule

Mheshimiwa Madamu,

Kwanza pole na kazi, na pole pia kwa mvua ambayo nasikia imeingia hadi ofisini kwako. Mimi ni Melchior Twagirayezu, kiongozi wa vijana wa kujitolea tunaotengeneza bustani ya shule yako. Nasema kiongozi, lakini hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sijui kama bado ni kiongozi, kwa sababu uchaguzi wetu wa Jumamosi uliliwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa kosa lilitendeka kwa Kiswahili. Kinyarwanda na Kifaransa havihusiki, wala sitaki kuvisingizia. Mwenye kalamu ni Illuminée, katibu wetu, kwa sababu ya hati yake nzuri. Mimi nasema, yeye anaandika, kama tulivyofanya kwenye lile tangazo. Safari hii nimemwamuru anisimamishe kila anapotilia shaka neno.

Unajua, Madamu, siku hizi mtaani kila mtu ana chama na kofia yake, nasi hatukutaka kubaki nyuma. Nusu ya vijana wako upande wangu. Nusu wako upande wa Générose, binti wa fundi baiskeli, ambaye sifa yake pekee ni kwamba anafanya kazi. Sisi tulichukua majembe yote, wao wakachukua ndoo zote. Tukalima pakavu, wao wakamwagilia magugu, mpaka mvua ikatuhurumia wote na kabeji zikafunga. Halafu Régis wa kwangu akamrushia Achille wa kwao bonge la udongo, na Achille akaokota jiwe. Hakulirusha, lakini niliona namna alivyolishika. Niliogopa sana, Madamu. Ndipo nikasema basi, tupige kura, atakayeshinda achukue bustani, yaishe.

Haya sasa ndiyo malalamiko yangu.

1. Tangazo. Nilimtamkia Illuminée neno "kura" waziwazi. Aliuliza mara mbili, nikarudia mara mbili kwa sauti kubwa zaidi. Anadai ulimi wangu unageuza R kuwa L. Ulimi huu umetoa hotuba za ufunguzi kwenye kila tuta la bustani ile na haujawahi kulalamikiwa. Isitoshe, alipoona kwamba "kupiga kula" haina maana, akaondoa "kupiga" ili kunisaidia. Ubao ukasomeka hivi: "Jumamosi vijana wote waje bustanini kula. Mwenye kadi ya mradi pekee ndiye atakayekula. Kula ni kwa siri. Matokeo ya kula yatatangazwa jioni."

2. Utiifu wa kupindukia. Vijana ambao siku za kazi huja mmoja mmoja wakijikuna, Jumamosi walikuja wote, mapema, na sahani mkononi, wakavuna kabeji na karoti. Béatha anayeuza maharage langoni alituazimisha sufuria yake kubwa, akaongeza na maharage. Sanduku la kura nililolitengeneza kwa mikono yangu kutokana na boksi la sabuni lilitumika kuwashia moto.

3. Siri. Régis alisoma kwamba kula ni kwa siri, akaenda na karoti zake nyuma ya choo. Huko akamkuta Achille, naye ametii tangazo. Wakala pamoja kwa siri, wakarudi wanacheka. Nimewauliza walicheka nini, wamekataa kusema.

4. Sufuria moja. Majembe yalihitajika kuchimba meko, na ndoo zilihitajika kuleta maji. Watu wangu walikula na watu wake, mkono kwa mkono, kiasi kwamba sasa siwezi kuwatambua. Majembe na ndoo vimewekwa stoo moja. Jumatatu nilifika na hotuba mfukoni nikawakuta wanapanda miche mipya, huyu analima, yule anamwagilia nyuma yake, hakuna aliyegeuka kunitazama. Iliniuma, Madamu, siwezi kuficha. Kiongozi asiye na upande anaongoza nini?

5. Rushwa. Générose alinipakulia mimi kwanza, tena moyo wa kabeji, kwenye sahani yake mwenyewe. Kumlisha mpinzani siku ya uchaguzi ni rushwa. Nilikula yote ili kuhifadhi ushahidi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: uamuru tuitwe tena Jumamosi ijayo uchaguzi urudiwe, kabeji zilizotoka kwenye matuta ya upande wangu zihesabiwe kuwa kura zangu, kila kijana aliyeshiba ahesabiwe kuwa kura iliyoharibika, na vijana warudishwe katika pande zao kwa amri ya maandishi, kwa kuwa wenyewe wameshasahau nani alikuwa wapi.

Wasalimie walimu wote, na mama yako mzazi huko Kanombe. Msalimie hata Bwana Mutsinzi, mlinzi wa langoni, ingawa alikula na hana kadi.

Wako katika kujitolea, awe amechaguliwa au la,

Melchior Twagirayezu

Nyongeza: Illuminée amenisomea barua yote, akafika pale ninapoomba Jumamosi ijayo tuitwe tena, na kama nilivyomwamuru, akanisimamisha. Ameniuliza, "Kiongozi, tuitwe kura au kula?" Nimemjibu, akasema hajasikia vizuri. Kutoka hapa dirishani nawaona Régis na Achille wameshika ndoo moja, kila mmoja upande wake wa mpini, wanapandisha maji kutoka bombani. Madamu, yafute yote niliyoomba hapo juu. Nimemwambia aandike kwa L. Chumvi nitaleta mimi.