Mbwa Aitwaye Kamwene

Jumatano, 11 Juni 2025

Lupembe. Baridi kali. Umande umeganda juu ya majani ya chai.

Mke wangu Yudita bado yuko Makambako. Leo ni siku ya themanini na tisa. Alikwenda kumsaidia binti yetu Jasmine, aliyejifungua. Siku arobaini za uzazi ziliisha zamani. Mtoto sasa anacheka. Yudita harudi.

Nimempigia simu. Nimemuuliza, kwa upole, atarudi lini. Amesema atarudi siku mimi na Nahumu tutakaposalimiana. Amesema amechoka kuwa posta, kuvusha salamu zetu juu ya ua kila asubuhi kana kwamba sisi ni nchi mbili.

Maelezo, kwa yeyote atakayesoma daftari hili nikishakufa. Nahumu ni jirani yangu. Tulizaliwa wiki moja, tukabatizwa siku moja, tukapata kipaimara pamoja. Nani alitangulia kuzaliwa, hakuna ajuaye. Mama zetu hawapo, na ukurasa ule wa kitabu cha ubatizo ulinyeshewa. Tuliishi vizuri. Kisha, Agosti 2022, akaja karani wa sensa. Mimi nikasema 1968. Nahumu, uani kwake, kwa sauti ya kusikika hadi kwangu, akasema 1967!

Kwetu mdogo ndiye anayeanza kusalimia. Tangu siku ile kila mmoja anamngoja mdogo aanze. Miaka mitatu kasoro miezi miwili.

Nilichukua hatua. Nilipata mbwa. Watu wengine huwapa mbwa majina ya kuwasema majirani: Tutaona, Mtachoka, Wivu wa Nini. Mimi nilitumia akili zaidi. Nilimwita Kamwene. Kamwene ndiyo salamu yetu sisi Wabena, na hujibiwa kwa neno lilelile. Siku Nahumu atakapomfukuza mbwa kwa jina lake, atakuwa amenisalimia kwanza. Nitaitika, na kesi imekwisha.

Mwaka na nusu sasa. Humwita "wewe". Mjanja yule!

Jioni hii tena, kutoka ng'ambo ya ua, nimemsikia akisema: "Mdogo, umekula?" Ni wiki ya sita anarudia ufedhuli huo. Sikujibu. Nilikuwa nimekula.

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata mpango. Kamwene hali. Ni kweli tupu: kwa wiki kadhaa anaunusa ugali wangu na kuondoka. Anamkosa Yudita. (Mimi sijambo. Nimeunguza sufuria mbili tu.) Nitampeleka Makambako mwisho wa wiki, nimtembeze mjini kama mgeni rasmi, kisha nimweke mbele ya Yudita. Akimwona mnyama aliyekonda kwa upweke, atafunga mizigo yake bila masharti.

Kasoro moja. Mbwa hajakonda. Ameongezeka. Nitasema amevimba kwa huzuni.

Mchana nimemfundisha kuinamisha kichwa. Amelala.

Nahumu amepakia magunia ya viazi kwenye gari. Sikuuliza anayapeleka wapi. Kuuliza kunaanza na salamu.

Ijumaa, 13 Juni

Safari! Jofrey, dereva wa lori la mbao, amekubali kutupa nafasi hadi Njombe. Masharti: mimi na mbwa juu ya mbao. Kufika bonde la kwanza, mbwa alikuwa ndani karibu na injini, kichwa juu ya paja la Jofrey. Mimi nilibaki juu ya mbao. Jofrey alisema nafasi ya ndani ni moja, na mbwa anatetemeka. Nilimwambia na mimi ninatetemeka. Alisema mbwa hana koti.

Njombe mjini saa nne asubuhi. Nilikuwa na ratiba: soko, stendi, kanisa, kisha chai. Ratiba ilikufa sokoni. Sikuwa nimefikiria jambo moja. Kijijini watu ni wachache, na wakisalimiana kwa Kamwene mbwa huinua sikio moja na kuendelea kulala. Njombe, asubuhi, watu husalimiana kila hatua mbili. Kila aliyesema kamwene alipata mbwa. Mbwa alimfuata mama wa kabichi, akamwacha akaenda kwa mzee wa majembe, kisha kwa bibi mmoja mwenye shuka la mistari, akamkalia kabisa miguuni.

Bibi aliniuliza mbwa anaitwa nani. Nikasema Kamwene. Akaitika kamwene, akauliza habari za nyumbani, nikasema nzuri. Akauliza tena mbwa anaitwa nani. Nikasema Kamwene. Akaniangalia. Alisema tumeshasalimiana, baba, na pamoja na umri wake yeye hasikii vibaya. Anataka jina la mbwa. Nikasema ndilo hilo. Alisema salamu ni ya watu, haifungwi kamba shingoni. Kisha akampa mbwa kipande cha mhogo. Mimi hakunipa.

Makambako saa kumi na moja jioni. Upepo wa kung'oa kofia. Yudita alitoka nje, akapiga magoti, akafungua mikono, akakumbatia mbwa. Mimi aliniambia, karibu, Baba Jasmine, mbona mkononi una masizi. Nilisema ni mtindo wa safari.

Nikaanza. Nilisema huyu mnyama hali. Nilisema anakaa mlangoni akitazama barabara. Kamwene aliinamisha kichwa, kwa wakati sahihi kabisa! Yudita akampapasa mbavu. Alizitafuta muda mrefu. Akauliza huyu hali kitu gani hasa. Nilisema ni uvimbe wa huzuni. Jasmine alilazimika kumpeleka mtoto ndani ili akacheke huko.

Nikajaribu njia ya pili. Nilisema Nahumu amelainika, kila jioni ananiuliza kama nimekula. Yudita akauliza nami humjibu nini. Swali gumu. Nilisema nimechoka.

Usiku nililala na mbwa miguuni. Yudita analala kwa mjukuu.

Jumamosi, 14 Juni

Saa mbili, ziara ya jiji. Jasmine anasema Makambako si jiji. Nimemwambia mahali palipo na reli na njia panda ya kwenda Mbeya, Iringa na Songea ni jiji. Yeye amezoea tu.

Stesheni kwanza. Ilipita treni ya mizigo. Nilihesabu mabehewa hadi kumi na saba, kisha nikagundua kwamba nimejificha nyuma ya mbwa. Yeye alikuwa amekaa, anaitazama kama mkaguzi. Njia panda, malori yamejipanga foleni. Kamwene alichagua lori moja refu, akaweka alama kwenye tairi. Dereva alisema anakwenda Zambia. Nimefurahi sana. Mimi mwenyewe sijawahi kufika huko.

Saa nne tukakutana sokoni na Yudita na Jasmine, mtoto mgongoni. Nilifungua kamba dakika moja, ninunue karanga za kumlainisha Yudita. Nilipogeuka, hakuna mbwa.

Soko siku ya Jumamosi! Magunia, mikokoteni, pikipiki, na nje yake barabara kuu yenye malori ya kwenda nchi tatu. Nikapanda juu ya gunia la mahindi la mtu na kuita kwa nguvu zangu zote:

"Kamwene!"

Soko likaitika. "Kamweneee!" Wauza vitunguu, wapakiaji, mama wa mitumba, watu wa kuanzia huku hadi kwenye mabanda ya nguo. Nikaita tena. Wakaitika tena, kwa furaha zaidi. Mtu mmoja alisema huyu mzee ana heshima, amesalimia soko zima.

Nikashuka nikimbie. Haiwezekani! Uliyemsalimia huwezi kumpita. Mama wa kwanza aliuliza habari za nyumbani. Nzuri. Za watoto? Nzuri. Za mvua? Imekwisha. Wa pili alikuwa na shangazi Lupembe, nilitakiwa kumfahamu. Wa tatu aliuliza chai inaendeleaje. Nimejibu salamu kamili tisa. Wakati wote huo mbwa wangu yuko barabarani, nawaza, chini ya magurudumu. Kila nikiita, nazalisha wengine. Nilijaribu kupiga mluzi. Midomo ilikuwa imekauka.

Yudita alinikuta hapo. Nilimwambia amepotea. Hakunicheka. Alinishika mkono wenye masizi, tukaenda pamoja safu kwa safu.

Mwisho wa safu ya viazi niliita mara ya mwisho, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba.

"Kamwene."

Nyuma ya rundo la viazi mtu akaitika, taratibu, kama aliyekuwa akisubiri zamu yake:

"Kamwene, mdogo wangu. Karibu."

Nahumu.

Amekaa juu ya ndoo. Miguuni pake, mbwa wangu, mzima, anakula kiazi cha kuchemsha kutoka kwenye kiganja chake. Nahumu akamwambia, bila kumtazama: "Tafuna taratibu, Mdogo."

Nilisimama. Mdogo! Yudita aliuliza kwa nini anamwita hivyo. Nahumu alieleza bila aibu. Jina lake lingine hawezi kulitaja, sababu inajulikana, na mnyama hawezi kuishi akiitwa wewe. Kwa hiyo anamwita Mdogo. Alisema wiki sita zilizopita aliona moshi mweusi ukitoka jikoni kwangu, akajua Mama Jasmine hayuko karibu kurudi, akaona si haki mbwa ateseke kwa mapishi yangu. Humpa chakula kila jioni karibu na ua.

Kwa hiyo ufedhuli wote ule alikuwa akiambiwa mbwa. Sikupenda namna Yudita alivyonitazama.

Nahumu akaendelea, na sasa alisema na watu wote. Alisema wamesikia wenyewe: Elieza, yaani mimi, ameanza, yeye ameitika. Kumbe mdogo anajijua. Mpakiaji mmoja akapiga makofi. Mama muuza viazi wa pembeni akasema ukubwa ni kuitika vizuri.

Nilifungua mdomo kusema ukweli. Kwamba nilikuwa namwita mbwa. Kwamba salamu isiyokusudiwa si salamu, na soko zima litanitolea ushahidi. Nilikuwa nimeishika sentensi nzima.

Yudita akauliza, polepole, akiwa bado ameshika mkono wangu: "Baba Jasmine, ulimsalimia Nahumu, au ulikuwa unamwita mbwa?"

Nikafunga mdomo. Nikautazama mkono. Nikamtazama mbwa, ambaye hakunisaidia.

Nilisema nimemsalimia.

Nahumu aliondoka juu ya ndoo, akaigeuza, akaniwekea nikae. Kisha akaniuliza kama nimekula. Safari hii alikuwa ananiuliza mimi.

Jumapili, 15 Juni

Ibada. Kamwene alingoja nje. Mchungaji mgeni, Mbena, alianza mahubiri kwa kuwasalimia waumini. Mbwa akaingia hadi mbele. Nilimtoa mimi mwenyewe. Nilimwita kwa ishara tu. Nimeanza kujifunza.

Tumerudi sote kwenye gari la viazi la Nahumu: Yudita mbele na dereva, kwa heshima, mimi na Nahumu na mbwa nyuma juu ya magunia matupu. Alinipa nusu ya blanketi lake. Alinieleza kwamba mwaka ule wa sensa hakukusudia ubaya. Karani alimharakisha na yeye 67 ilimtoka mdomoni. Nilimwambia hata mimi ningeweza kusema 66. Tulicheka hadi Njombe. Mbwa alikuwa katikati, amepata joto kutoka pande zote mbili.

Yudita amesugua sufuria zote mbili. Moja imepona.

Ifahamike hapa, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba nilichosema sokoni nilikisema kwa ajili ya mke wangu. Si ushahidi wa umri.

Jumanne, 17 Juni

Asubuhi Nahumu amepita kwenye pengo la ua, amekuja mwenyewe, bila posta. Alikuwa amembeba mbwa mdogo, wa kahawia, sikio moja limelala. Mbwa wake jike amezaa watano na wote wanafanana na mtu tunayemjua; sote tukamtazama Kamwene. Alisema huyu ni wetu. Alisema, kwa upole, safari hii nimpe jina la kawaida. Simba, kwa mfano.

Yudita alisema Simba ni jina zuri sana.

Nimelifikiria siku nzima. Nahumu ni mtu mwema, sikatai. Lakini alipoingia alisema hodi, nami nikasema karibu, na hakuna aliyesema zaidi. Swali la umri bado liko wazi. Anampenda mtoto huyu wa mbwa, atamwita, hatajizuia. Na akimwita kwa jina nitakalompa, mbele ya Yudita, jambo litakwisha moja kwa moja. Nashangaa sikuliona mapema. Kosa la kwanza lilikuwa kuchagua salamu inayojibiwa kwa neno lilelile. Safari hii nimechagua ambayo mkubwa na mdogo wana maneno tofauti.

Nimempa jina la Shikamoo.

Jioni nimetoka uani kumjaribu, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida.

"Shikamoo!"

"Marahaba," ikajibu sauti ya Nahumu kutoka ng'ambo ya ua.

Nadhani alikuwa anaongea na mtu mwingine.