Mgahawa Usio na Bango

Jumatatu, 10 Juni
Mhasibu tena! Mchana ameipeleka ofisi nzima kwenye kibanda kipya cha chakula alichokigundua nyuma ya soko, na wote wamerudi wakijilamba midomo. Mimi nilibaki masjala na mkate wangu. Kisha bosi akatangaza kwamba Ijumaa tunamuaga katibu muhtasi anayestaafu, akauliza nani anajua mahali pazuri pa kula pasipo na makuu. Nikanyoosha mkono kabla ya Mhasibu. Nikasema ninapajua. Uongo mtupu. Mji huu nimehamia mwaka jana, na ninachokijua vizuri ni njia ya kutoka ofisini hadi chumbani kwangu.

Lakini nafasi ya msimamizi wa ofisi iko wazi, na bosi hamsahau mtu aliyemlisha vizuri. Nafasi hiyo naitaka. Naitaka mpaka naiota.

Jumanne, 11 Juni
Mbinu imepatikana! Madereva wa teksi hawali pabaya. Wanazunguka mji mzima, wanajua. Basi saa sita nikamvizia mmoja mwenye tumbo la kuaminika, nikamfuata kichochoro hadi kichochoro. Akaingia kwenye geti la bati lililo wazi. Nami nikaingia.

Ua umefagiwa. Jiko la mkaa. Benchi refu kwenye kivuli cha paa, watu wamejaa wanakula. Hakuna bango, hakuna orodha ya vyakula. Migahawa ya kweli ndiyo hiyo, haina haja ya kujitangaza. Nikasalimia, nikanawa, nikakaa mwisho wa benchi. Dada mmoja akaniletea sahani bila kuniuliza nataka nini: wali, maharage, mboga za majani. Sijala hivyo tangu nihamie hapa. Mteja mmoja alikuwa amevua viatu, amelala kwenye mkeka. Mteja mzoefu, bila shaka.

Nikamuuliza mama mwenye mgahawa nalipa kiasi gani. Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema nisimfanyie utani mtu mzima, nije tena kesho. Nimeelewa. Hapa wanalipa mwisho wa mwezi. Mama ana akili ya biashara huyu.

Jumatano, 12 Juni
Nimerudi. Mama akaniuliza mbona jana niliondoka haraka. Ananikumbuka! Nikampa ushauri wa kitaalamu: chumvi iongezwe kidogo kwenye maharage, na wahudumu wasikae kula pamoja na wateja. Yule dada akamtazama dereva, dereva akaangalia sahani yake. Nadhani wamezingatia. Mama akasema nimekonda, niongeze. Akanipakulia kwa mkono wake kabla sijajibu.

Hili sijui niliandikeje. Chumbani kwangu nakula nimesimama, kwenye sufuria, ili nisioshe sahani. Ni muda mrefu hakuna mtu aliyeniambia niongeze. Nikageuka pembeni, nikasingizia moshi. Kwa kweli nilitamani nisimlete mtu yeyote pale, pabaki pangu. Wazo hilo nilikaa nalo mpaka nikafika ofisini. Halafu nikakumbuka ile nafasi.

Nimemwambia bosi kila kitu kiko tayari. Mhasibu akauliza kama nimewaarifu kwamba tunakuja wengi. Nikamjibu kwamba mahali pa maana hapahitaji taarifa.

Ijumaa, 14 Juni
Tulifika watu wanane, bosi mbele, katibu muhtasi amependeza kama bibi harusi. Mhasibu akakaa, akaomba orodha ya vyakula. Dereva akatoka ndani, taulo begani, akanivuta pembeni akaniuliza kwa adabu kabisa: samahani ndugu yangu, hivi wewe hasa ni wa nani hapa? Nikasema mimi ni mteja. Akauliza mteja wa nini.

Ni nyumba ya watu. Nyumba! Dereva ni mtoto wa kwanza wa mama, na alidhani mimi ni mgeni wa mama yake. Mama alidhani ni rafiki wa dereva. Yule dada, mke wa dereva, alidhani ni ndugu wa shemeji yao anayelala kwenye mkeka. Shemeji alidhani nimetumwa kumdai, ndiyo maana alijifanya amelala. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu nilishakaa na nilishanawa.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama akakata maneno: wageni wamesimama, tutaulizana wakishashiba. Tukala. Bosi akasifu maharage, katibu muhtasi akalia kidogo kwa furaha. Mimi niliona wasichokiona wao. Niliona yule dada akikwangua ukoko na kuwagawia wanawe. Niliona dereva akinywa maji na kurudi kazini bila kula. Chakula chake nilikuwa nacho mimi. Niliona aibu, tena si ile ya kuchekwa na watu. Niliwadhulumu watu walionikaribisha.

Mhasibu akatoka, akarudi na mchele na matunda, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. Mimi sikuliwaza hilo, na ninamchukia kwa kuliwaza yeye. Jioni bosi amempa nafasi ya msimamizi. Amesema anataka mtu anayefikiria wenzake.

Jumamosi, 15 Juni
Nimeenda kuomba radhi, nimebeba unga na sabuni. Nilijiandaa kufukuzwa. Mama alikuwa anachambua mchele. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza nina watu gani mjini. Nikasema sina. Akasema basi nikae nimenye vitunguu, maana mtu anayekula kwake na kukosoa chumvi huyo si mgeni tena. Dereva alicheka mpaka akapaliwa. Nikaosha sufuria zote. Nilipoaga, mama akasema kuanzia leo mimi ni mwanawe, nije siku yoyote.

Nimekaa kitandani muda mrefu. Nimefurahi na nimeumia, vyote kwa pamoja.

Jumatatu, 17 Juni
Nimetafakari kwa kina na kosa langu nimeliona. Nilipeleka wageni kwenye nyumba ya watu. Mtu mwenye akili hafanyi jambo kama hilo, na sitalirudia maishani.

Ila sasa mimi ni mtoto wa nyumba. Pale si kwa watu tena, ni kwetu. Na mtu haombi ruhusa kuleta wageni kwao. Leo mkuu wa idara ya manunuzi, ambaye anatafuta msaidizi, amelalamika kwamba mji huu hauna pa kula pazuri. Nimemwambia Alhamisi aje na idara yake yote. Mama nitamwambia wakishanawa.