Gitaa la Mzee Nimelifunga Mwenyewe

Vijana wa familia, nyinyi mnaoshinda kwenye simu, leo acheni kutumiana picha za paka mnisome mimi bibi yenu. Naandika kwa kidole kimoja, pole pole, na nyinyi msome pole pole. Leo nimeaibika mbele ya kanisa zima, hapa hapa Bombolulu, uani kwangu. Naeleza mwenyewe kabla hamjaelezwa na wengine.

Mnajua leo ilikuwa maombi ya mwaka tangu mzee wangu atutoke. Kadzo, mjukuu wangu ninayeishi naye, alikuwa apige ule wimbo babu yake alioupenda, na alitaka aupige kwa gitaa la babu mwenyewe. Mwaka mzima nimelifungia kabatini. Kulitoa, nyuzi zimeshika kutu, ukigusa zinakatika. Nami nilitaka gitaa hilo lisikike tena nyumba hii. Hata mara moja.

Asubuhi nimewapa watu chai. Baraka (ana miaka minne na kichwa kigumu cha babu yake) ameshika kijiko cha mbaazi kwa mkono wa kushoto. Nimekihamishia kulia. Amekirudisha. Nimekihamisha tena. Ndivyo nilivyomfunza hata mzee wangu, miaka arobaini, mpaka akala kama watu.

Kisha Kadzo amekuja na nyuzi mpya, na kidude cha plastiki cha kuzungushia yale masikio ya gitaa ya kukazia.

"Bibi, nizifunge mimi. Nimetazama kwenye simu."

"Hiyo simu imeishi na babu yako?"

"Hapana, bibi."

"Basi lete koleo, ukae."

(Kiburi changu kimeanzia hapo.)

Kwani si mimi niliyekuwa nikimshikia mzee nyuzi kila alipobadilisha, akienda kuwapigia wageni kwenye mahoteli ya Shanzu? Najua kazi hiyo. Kwanza unalegeza. Hukati uzi uliokazwa, utakuchapa jicho. Vile vijiti vinavyoshika nyuzi pale tumboni huving'oi kwa koleo, vitavunjika. Unapenyeza kijiko ndani ya tundu ukavisukuma kutoka chini. Uzi mpya unauzungusha mara tatu, kila mzunguko chini ya mwenzake. Ncha unaikata isije ikamchoma mtu.

"Bibi, kwenye simu uzi mnene unakaa upande ule."

"Tazama mifereji. Ule mpana uko wapi?"

Pale shingoni pana kibao cheupe chenye mifereji sita. Mzee alikichonga mwenyewe kwa tupa. Uzi mnene umeingia kwenye mfereji mpana kama mguu kwenye kiatu chake. Kadzo amenipa uzi wa pili. Nimekaza mpaka sauti zikawa zile nilizozizoea, nikalifunika gitaa kwa leso, nikafunga chumba. Hakuna kugusa mpaka saa yake ifike.

Saa nane ua umejaa. Picha ya mzee iko mezani, amevaa tai. Nimesimama (hakuna aliyeniomba) nikasema, "Gitaa hili nimelifunga mimi, ambaye darasa la tatu sikulimaliza." Wamepiga makofi. Nikampa Kadzo.

Kadzo amepiga. Jamani. Masufuria yakiporomoka rafuni yana adabu zaidi. Amejaribu tena. Mchungaji ametazama viatu vyake. Mtoto amenigeukia, nami nikamwambia mbele za watu, "Piga vizuri, Kadzo." (Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.)

Mzee Katana, aliyekuwa akipiga pamoja na mume wangu huko Shanzu, ameinuka akalichukua. Amegusa uzi mmoja mmoja. Amelipindua, akalipindua tena.

"Shemeji, sauti umezipata barabara. Lakini umelifunga la marehemu."

"Kwani si lake?"

"Ni lake. Yeye alipigia mkono wa kushoto. Nyuzi zake zimepangwa kinyume na zetu. Mtoto hana kosa. Hapa hakuna wa kulipiga."

"Katika watu wote hawa?"

"Yuko mmoja," akasema, akaitazama picha.

Miaka arobaini nimemwona akipiga. Nilidhani gitaa ni gitaa. Na mkono ule ule niliomkatalia mezani, kumbe ndio aliokwenda nao Shanzu ukatulishe sisi sote.

Mtu mmoja amekohoa. Kisha Mzee Katana ameanza kucheka, akafuata Kadzo na machozi yake, akafuata mchungaji, na mimi mjane nikacheka kwenye maombi ya mume wangu. Wimbo tumeuimba kwa makofi tu. Ulipokwisha nimesimama tena (safari hii nikiwa mfupi zaidi) nikamwomba Kadzo radhi mbele ya wale wale.

Baadaye ameniuliza, "Bibi, nizigeuze nyuzi?"

Nimewaita wote wa nyumba hii nikawaagiza: nyuzi za gitaa hilo zisiguswe, na kijiko cha Baraka kiachwe kwenye mkono alioshikia mwenyewe.