Kuhusu Binti Yangu Kupewa Mama wa Pili Siku ya Ziara ya Waliokubaliwa

Wausau, Wisconsin
Tarehe 29 Machi

Kwako Mkuu wa Idara ya Magonjwa ya Mimea, pamoja na yeyote anayekufungulia barua hapo ofisini,

Natumaini mmeamka salama na theluji imeanza kuwaachia njia. Mimi ni Blia Thao, mama yake Gaonou Moua, yule msichana mfupi mwenye koti la kijani mliyemkubali mwezi wa pili kusomea shahada ya uzamivu. Mlituandikia aje kuwatembelea siku mbili, na kwamba anaruhusiwa kuja na mtu mmoja. Nadhani mlitegemea mchumba. Nilikuja mimi.

Shule niliacha darasa la nne, kwenye kambi ya wakimbizi Thailand, kwa hiyo nikikosea maneno nisameheni. Malalamiko yenyewe hayana makosa, nimeyapitia mara tatu. Binti yangu ana hadi tarehe kumi na tano Aprili kuchagua kati yenu, mlio mwendo wa ndege mbili, na chuo cha hapa jirani, ambacho ni dakika arobaini kwa gari, na ishirini na tano nikiendesha mimi. Naomba mnisikilize kabla hajachagua.

1. Kubembeleza. Mtu akishakubaliwa, mimi nilijua anaitwa ili akaguliwe mara ya mwisho. Nilimpigia nguo pasi, nikamwambia asiongee sana. Tulipofika, waliokuwa na wasiwasi ni ninyi. Maprofesa watatu, mmoja baada ya mwingine, walimwuliza, "Una maswali gani kwetu?" Mmoja alimwonyesha darubini kama anayeuza ng'ombe. Mwingine alimwambia, "Hali ya hewa hapa ni nzuri sana, leo tu ndiyo imeharibika." Nimeuza mboga sokoni miaka kumi na tisa. Namjua mtu anayeogopa mteja asiondoke.

2. Chakula. Tulilishwa mara saba na hatukuona wali. Vipande vya jibini nilivihesabu, vilikuwa vingi, sina ubaya navyo. Bahati nzuri nilikuwa na wali wa kunata na kuku wa kuchemsha kwenye mfuko. Nilipoufungua pale kwenye korido, wanafunzi wenu walitoka kila mlango. Mmoja mrefu anayeitwa Colby alikula vipande vitatu akaniambia, "Mama, wewe ndiye tungekukubali, hata bila cheti." Watoto hawa wana njaa. Nawaambia kama mzazi.

3. Kikao cha siri. Saa nane mchana maprofesa walitolewa nje, mlango ukafungwa, wageni wakaambiwa wawaulize wanafunzi waliotangulia chochote, bila woga. Mimi hakuna aliyenitoa, nikabaki na mfuko wangu. Wakaulizana kama profesa anajibu barua pepe, kama kuna likizo, kama nyumba zina panya. Kisha msichana mmoja wa mwaka wa nne akasema, "Mimi nililia mwaka wa pili tu." Wote wakacheka, na Gaonou wangu akacheka nao. Hiyo "tu" nimerudi nayo Wausau.

4. Sasa nafika penyewe. Profesa Lindqvist, ambaye ndiye angemsimamia binti yangu, alitupeleka ofisini kwake kutuonyesha mchoro ukutani. Ulikuwa mti wa ukoo, wenye matawi na picha. Akasema, "Hii ndiyo familia yetu." Huyu mzee wa juu ndiye aliyemfundisha yeye, basi ni babu. Hawa tisa aliowafundisha yeye ni ndugu. Pembeni ya picha yake palikuwa na nafasi tupu, akaigusa kwa kidole akamwambia mwanangu, "Na hapa ni pako. Mimi nitakuwa mama yako wa kitaaluma."

Alisema hivyo mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, mzima wa afya, nimeshika mkoba. Nilimtazama Gaonou. Gaonou alitazama viatu.

Nikamwuliza profesa kwa heshima, "Wewe ni wa ukoo gani?" Akacheka, "Bibi Moua, kwetu hakuna koo, kuna ugomvi wa Krismasi tu." Moua ni ukoo wa mume wangu na watoto. Mimi ni Thao, nilizaliwa Thao, na nitazikwa Thao. Mtu anayetaka kuwa mama wa mwanangu angeanza kwa kulijua jina la aliyepo.

5. Ndoa. Labda hamkufikiria mambo haya yanakoishia, kwa hiyo nimewafikiria mimi. Kwetu Wahmong watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama mmoja katoka Ufaransa na mwingine Fresno na hawajawahi kuonana. Ni ndugu, basi. Sasa, kama Lindqvist ni mama, wale tisa ni kaka na dada, na wamekwisha. Yule mzee wa juu kwenye mchoro amefundisha watu thelathini na mmoja. Hao ni wajomba na mama wakubwa. Wanafunzi wao ni binamu wa ukoo huo huo. Nilimwuliza Colby, ambaye naye ni mmoja wa wale tisa, hao wote wako wapi, akasema, "Kila mahali, Mama, fani yetu ni ndogo." Kwa hesabu hiyo, binti yangu mwenye miaka ishirini na minne hataweza kuolewa na mtu yeyote duniani anayejua ugonjwa wa mizizi.

Sisemi kwamba kulikuwa na mtu. Nasema tu kwamba Colby aliosha bakuli langu bila kuambiwa, akalirudisha likiwa kavu. Kijana kama huyo mmemfanya kaka yake kabla hata hajamaliza kutafuna.

6. Wajibu. Ukiwa ndugu huchagui siku. Shangazi wa mume wangu alipofariki tulikaa msibani siku nne mchana na usiku, na wanawake wa ukoo tulipika zamu kwa zamu kwa watu mia tatu. Je, idara yenu ina wapishi wangapi? Profesa Lindqvist anaweza kukatakata nguruwe mzima? Wale tisa watakuja wote, au watatuma barua pepe? Siulizi kwa kejeli. Nahitaji idadi, maana kuna orodha ya zamu na mimi ndiye ninayeiandika.

Kwa sababu hizo zote, ombi langu ni moja, na ni la haki. Mlitupa siku ya kuwaangalia. Nami nimempangia Profesa Lindqvist siku yake, Jumamosi tarehe 12 Aprili, nyumbani kwetu. Anaruhusiwa kuja na mtu mmoja. Ratiba ni hii:

Saa tatu asubuhi, mapokezi. Kibandiko cha jina kitakuwa mezani.

Saa tatu na nusu, kuonana na baba yake Gaonou, Bwana Chong Neng, kwa dakika ishirini. Haongei sana. Profesa akikwama amwulize kuhusu trekta.

Saa nne, kutembelea shamba. Aone ekari mbili tulizovuna jinseng, ule mzizi wa dawa, miaka kumi na moja iliyopita. Kila tukipanda tena, mizizi inaoza ardhini. Gaonou alikuwa na miaka kumi na mitatu alipoanza kuchimba udongo wa pale na kuutia kwenye makopo yangu ya kahawa.

Saa sita, chakula. Wali utakuwepo.

Saa saba, kikao na watoto wangu wengine wanne bila mimi kuwepo, ili waseme kwa uhuru kuhusu malezi yangu. Mimi nitakaa kibarazani. Madirisha yetu hayafungiki vizuri, lakini nitajitahidi.

Jibu tutampa kwa maandishi. Ajue tu kwamba nafasi ni chache, na asipofaulu haimaanishi kuwa hana kipaji.

Nisalimieni msichana wa mwaka wa nne, aambiwe ale vizuri. Nisalimieni dereva wa basi lenu, yule mwenye goti bovu, na babu wa kwenye mchoro kama bado yu hai. Baba yake Gaonou anawasalimu pia, yaani ametikisa kichwa.

Ni mimi, mzazi wa kwanza wa Gaonou,
Blia Thao

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua kwa kisu. Gaonou ameingia jikoni sasa hivi akaniambia, "Mama, usihangaike tena. Nimechagua hapa karibu. Nimeshawaandikia wale wa mbali asubuhi." Alikuwa anatabasamu lile tabasamu la kumpokea mgeni. Nikamwuliza hao wa hapa wanajua nini kuhusu jinseng. Akasema, "Hawasomei jinseng, Mama. Ni mahindi. Mahindi nayo yanaoza." Kisha akaanza kunioshea vyombo, na vyombo vyenyewe vilikuwa safi.

Kwa hiyo tafadhali chaneni yote niliyoandika hapo juu. Ile barua pepe yake ya kuwakataa kaandika yeye, lakini aliyemwandikisha ni mimi, kwa huu uso wangu wa kununa, wiki mbili nzima. Msiihesabu. Msimpe mtu nafasi yake. Nipeni hadi tarehe kumi na tano, nitakuwa nimeshamfukuza nyumbani.

Na mwambieni Profesa Lindqvist kwamba huyu mtoto akiumwa hasemi. Atasema amechoka kidogo. Inabidi umshike paji la uso.