Mashine Iliyokataa Kuzimika

Mjini alijulikana kwa jina la Injinia, na chuo kilichompa cheo hicho kilikuwa kinywa chake mwenyewe. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la kutoa nakala, anasubiri riziki ipite, nayo ikapita imevaa miwani na kubeba kikapu. Alikuwa mama mtu mzima, anamweleza mwenye duka shida ya nyumbani kwake.

"Nikiizima kompyuta, kioo kinakuwa cheusi, lakini ndani inaendelea kuunguruma. Taa inawaka. Hata ukiisubiri mchana kutwa, wapi!"

Mwenye duka alifungua mdomo. Injinia akamuwahi.

"Shikamoo, mama. Pole sana. Imeanza lini?"

"Marahaba, mwanangu. Ina wiki kadhaa sasa."

"Wiki kadhaa!" Injinia alishika kichwa kama aliyeletewa habari za msiba. "Mama, mashine yako hailali. Itaungua moyo. Bahati yako umenikuta."

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo kama punje ya mtama. Ndani ya mipangilio ya kompyuta kuna alama ya kuifanya iwake haraka. Ikiwekwa, mashine nyingine huzimika nusunusu tu. Ukiiondoa, maradhi yamekwisha. Injinia aliijua vizuri alama hiyo, maana ufundi aliusomea kweli na aliuweza. Aliuacha tu siku alipogundua kwamba uongo hauhitaji bisibisi.

Nyumbani kwa mama, kompyuta ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Injinia alifungua ubavu wake, na mate yakamjaa mdomoni. Diski mpya. Kadi ya picha ambayo vijana wa michezo ya kompyuta wangeuza viatu ili waipate. Kila kitu kinang'aa.

"Ya kitinda mimba wetu," mama alieleza. "Alikuwa anachezea michezo. Kazi ikamhamisha, akatuachia. Sisi tunaangalizia picha za wajukuu."

Kuangalizia picha za wajukuu mashine ile ilikuwa sawa na kukodi lori libebe kitunguu. Injinia aliona huo ni ubadhirifu, na dhamiri yake, iliyokuwa likizo miaka mingi, iliamka kupinga. Ataichukua, atanyofoa matumbo yote ya maana, atajaza makorokoro, ataondoa ile alama, kisha atairudisha ikizimika vizuri na kushukuriwa juu yake.

"Mama, hii inahitaji maabara. Lazima niende nayo."

"Basi ngoja mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa mume wake, mzee mwembamba ambaye suruali yake ilipigwa pasi mpaka ikawa na makali. Alimsikiliza Injinia mpaka mwisho bila kupepesa jicho.

"Kijana," alisema, "mimi simkatai mtu. Lakini mashine ni ya mwanangu. Haitoki hapa na mtu ambaye sijaiona kazi yake. Pasi ile pale imekufa. Ifufue nione."

Pasi! Injinia nusura acheke. Aliifungua, akaunga waya, ikapata moto.

"Mkono unao," mzee alikiri. "Lakini pasi ni pasi. Feni je?"

Baada ya feni kikaja kitasa cha mlango wa nyuma, na baada ya kitasa, paa la jiko. Kila jioni Injinia aliapa kwamba kesho harudi, na kila asubuhi ile kadi ya picha ilimjia akilini, naye akarudi. Mtu hawezi kuacha wizi ambao ameshautolea jasho namna hiyo.

Siku ya pampu ya maji alishinda amelala kifudifudi kwenye saruji, mafuta mpaka kwenye nyusi. Pampu ilikohoa, ikatetemeka, kisha maji yakaruka kwenye ndoo. Mama alipiga makofi.

"Mwaka mzima tunachota kwa jirani! Mungu akuzidishie, mwanangu."

Injinia alijikuta anatabasamu bila kupanga, jambo lililomtia wasiwasi sana.

"Nimeridhika," mzee alisema hatimaye. "Kesho njoo uichukue."

Kesho yake aliikuta imefungwa ndani ya shuka, mafundo juu ya mafundo.

"Vumbi," mama alinong'ona. "Mume wangu analiogopa mno."

Mzee mwenyewe alimsaidia kuutweka mzigo begani. "Mbebe polepole," aliagiza. "Ni mgonjwa."

Chumbani kwake, Injinia alifunga mlango kwa komeo, akahangaika na mafundo yale, akafungua ubavu. Lilikuwa kasha tupu la kompyuta ya zamani. Ndani mlikuwa na vipande vya tofali, kila kimoja kimefungwa gazeti ili visigongane. Kazi safi. Kama mtu wa fani, hakuweza kuikosoa.

Alifikiria kwenda polisi. Alijaribu kuyapanga maneno: afande, vitu nilivyotaka kuiba nimeibiwa. Maneno hayakupangika. Basi akabeba tofali zake, akarudi nazo, jazba imempanda.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alimpokea kwa uso mkunjufu. "Karibu, mwanangu! Imepona?"

Nyuma yake, mezani, kompyuta halisi ilikuwa inaunguruma, ubavu wazi, kila kitu kinang'aa. Mzee alikuwa anasoma gazeti.

"Mzee," Injinia alisema, akiinyooshea kidole. "Kumbe ugonjwa wake mlinidanganya? Kuizima mnajua?"

"Tunajua. Ni alama moja tu, mwanangu alinielekeza kwa simu." Mzee alikunja gazeti taratibu. "Lakini ikizimika, kijana, nani atakuja kututengenezea nyumba? Mafundi waaminifu ni ghali."

"Nitawasema mji mzima!"

"Utasema ulikuwa unakuja kufanya nini?"

Injinia aligeuka aondoke.

Ndipo aliposikia msuguo uani. Alichungulia kwenye mlango wa nyuma. Kutoka ndani ya tanki la maji kulichomoza kichwa chenye povu mpaka masikioni: Profesa, tapeli laini kuliko wote mjini, yule aliyewahi kuuza nyumba moja kwa wanandoa wawili walioachana. Alipomwona Injinia aliweka kidole mdomoni.

"Usiniharibie, ndugu yangu," alinong'ona. "Nimebakiza tanki hili tu. Kesho naondoka na mashine."

Injinia alimtazama mama, aliyekuwa anammiminia chai. Alimtazama mzee, aliyerudi kwenye gazeti lake. Kisha akatua mzigo wake chini, akasogea karibu na tanki.

"Sugua na chini ya mfuniko," alisema. "Huko ndiko wanakoangalia kwanza."